Bisibisi ya volti 3.6 au drili ya volti 18: ipi inafaa kazi za nyumbani?

"Mwezi uliopita nilifunga kabati la nguo lililokuja vipandevipande kwenye maboksi, skrubu karibu 80, zote kwa bisibisi ya mkono. Kifundo cha mkono kiliniuma siku mbili, hata chupa nilishindwa kufungua. Sasa nataka bisibisi ya betri. Nimeona moja ndogo ya volti 3.6, unaishika kama tochi. Rafiki yangu anasema hiyo ni mchezo wa watoto, ninunue drili ya volti 18 nimalize kazi, maana volti nyingi ndiyo nguvu. Kazi zangu ni kufunga samani, kukaza bawaba za milango, na kutundika rafu mbili na fimbo ya pazia kwenye ukuta wa zege. Boksi la ile ndogo limeandikwa Nm 5, la kubwa Nm 60, sijui maana yake. Tena jirani ananigawia drili yake ya zamani ya betri. Inazunguka, ila chaji haikai. Nichukue? Na ni kweli betri lazima iishe kabisa kabla ya kuichaji?"

Umeuliza mengi, lakini naona hofu ni moja: usinunue kidogo kikakushinda katikati ya kazi, wala usinunue kikubwa kikakaa tu kinakula vumbi. Rafiki yako ana nusu ya ukweli. Drili ya volti 18 itakufungia skrubu zote ulizozitaja. Ambacho hakukuambia ni kwamba inaweza pia kuharibu kabati lako jipya kwa sekunde moja, na kwamba ukuta wako wa zege huenda ukaishinda hata hiyo.

Tuanze na volti, maana ndizo zinazowachanganya wengi. Ndani ya betri hizi mna seli za lithiamu, na kila seli huhesabiwa volti 3.6. Bisibisi ndogo uliyoiona ina seli moja. Chombo kilichoandikwa volti 10.8 au 12 kina seli tatu zilizofuatana, na cha volti 18 kina tano. Ukikuta kingine kimeandikwa 20, usidhani kimepanda daraja. Ni seli tano zilezile, ila mtengenezaji amezipima zikiwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye chaji, kila moja ikiwa na volti 4 hivi. Kwa hiyo volti zinakuambia umeme unaisukuma mota kwa msukumo kiasi gani. Skrubu itaingiaje, hilo haziwezi kukuambia.

Kinachoingiza skrubu ni nguvu ya kuzungusha, na ndiyo hiyo Nm, yaani newton-meta. Chukua spana ya sentimeta 10, ilaze, kisha ning'iniza kitu cha kilo moja kwenye ncha yake: nati inapokea takriban Nm 1. Mkono wa mtu mzima ulioshika mpini mnene wa bisibisi hutoa Nm chache tu, halafu ama unateleza ama unaanza kuuma, kama ulivyojionea. Skrubu ya samani ya milimeta 4 kwa 40 kwenye mbao laini iliyotobolewa kwanza huridhika na Nm 2 au 3. Sasa linganisha na zile 60 za boksi kubwa. Nyingi ya hizo hutazitumia kwenye kabati, na siku ukizitumia kwa bahati mbaya utajuta.

Namba za boksi nazo zina ujanja wake. Mizunguko kwa dakika inayoandikwa ni ya chombo kinapozunguka hewani bila kazi yoyote. Nm inayoandikwa ni ya pale kinapokaribia kukwama. Mambo haya mawili hayatokei kwa pamoja hata siku moja. Tena kwenye drili kubwa, namba inayong'aa mbele ya boksi mara nyingi ni ya kukaza kitu kigumu, chuma juu ya chuma, ambapo kishindo cha mota kusimama ghafla kinaingia kwenye hesabu. Kwenye mbao, ambako upinzani unapanda polepole, unaweza kupata nusu yake. Watengenezaji waungwana huandika namba zote mbili; ukiziona mbili, kwa kazi zako soma ile ndogo.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu ya mkono wako. Chombo kinaposukuma skrubu upande mmoja, mwili wa chombo nao unasukuma mkono wako upande wa pili, kwa nguvu ileile. Drili yenye umbo la bastola ina mpini unaoshuka chini, na mpini huo unakufanyia kazi ya wenzo. Ukiushika sentimeta 15 hivi kutoka kwenye mhimili wa skrubu, Nm 5 zinakufikia kama msukumo wa kilo tatu na kitu, jambo ambalo hata mkono unaouma unalimudu. Lakini Nm 60 kwenye mpini huohuo ni kama kilo 40 zinazokuvuta ghafla skrubu inapokwama. Watu wameteguka vifundo kwa mtindo huo.

Sasa angalia ile ya kushika kama tochi. Haina wenzo wowote. Umeshika mcheduara wa unene wa sentimeta chache, na Nm zote 5 lazima uzizuie kwa kubana vidole, kazi ileile iliyokuumiza. Mota inazungusha badala yako, kweli, ila kuzuia bado unazuia wewe. Kwa hiyo kwa mtu mwenye kifundo kinacholalamika, umbo ni muhimu kuliko hata volti: chagua iliyopinda kama bastola. Zipo pia zinazokunjika katikati, unainyoosha kwenye kona finyu na kuipinda kwa kazi nyingine. Ukiiona ya namna hiyo, ijaribu kwanza kama kiungo chake hakichezi.

Kitu cha pili ninachokitazama kabla hata ya kuuliza volti ni klachi. Ni ile pete nyuma ya mdomo, yenye namba kuanzia 1 hadi 15 au 20 na mwishoni alama ya biti ya kutobolea, kile chuma kinachochimba tundu. Ndani yake kuna springi inayobana gololi ndogo za chuma kwenye vishimo vya gia. Upinzani ukipita kiwango ulichoweka, gololi zinaruka kutoka vishimoni, unasikia trrrk-trrrk. Mota inaendelea kuzunguka lakini skrubu imesimama. Bila klachi, kinachoamua skrubu isimame ni kidole chako, na kidole siku zote kinachelewa.

Niliwahi kuchelewa mimi mwenyewe. Nilikuwa narudishia bawaba ya mlango wa kabati la jikoni, chipubodi tupu, yaani ubao wa chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, na kwa haraka nikaacha klachi kwenye ile alama ya kutobolea. Skrubu ikaingia, ikafika, ikaendelea kuzunguka. Ukiisikia sauti ile mara moja huisahau: mlio wa mota, ambao ulikuwa unashuka kwa uzito, unapanda tena ghafla, na kwenye ukingo wa tundu unatokea unga mwepesi kama pumba. Hiyo ndiyo chipubodi iliyokuwa inashika skrubu. Nilikata vichwa vya njiti za kiberiti, nikazipaka gundi ya mbao, nikazijaza tunduni, nikasubiri zikauke hadi kesho yake, nikatoboa upya. Bawaba ilishika, lakini kazi ya dakika mbili iliniharibia siku mbili. Kwenye chipubodi anza na klachi namba 2 au 3, kisha panda namba moja moja hadi kichwa cha skrubu kilale sawasawa na mbao. Ukishaipata namba hiyo, skrubu 79 zilizobaki zinafanana.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye swali lako, nami naliona limechangia maumivu yako kuliko unavyofikiri: biti, yaani kile kichwa kinachoingia kwenye skrubu. Skrubu za msalaba ziko za aina mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ni Phillips, PH kwa kifupi, iliyoingia viwandani miaka ya 1930. Kuta za msalaba wake zimeinama, kwa hiyo kadiri unavyozungusha kwa nguvu ndivyo biti inavyosukumwa kutoka nje. Ya pili ni Pozidriv, PZ, ambayo kuta zake zimesimama zaidi na katikati ya mikono ya msalaba ina vistari vinne vyembamba. Chukua skrubu moja ya kabati lako uitazame karibu na dirisha. Ukiviona vile vistari, ni PZ, na biti ya PH ndani yake inacheza kama ufunguo wa mlango wa jirani: inaingia, lakini haishiki. Unalazimika kusukuma mara mbili ili isitoke, na kifundo kinalipa. Kwa samani nyingi utahitaji PZ2, na mara nyingine PH2. Skrubu ndefu za mbao siku hizi huja na nyota, Torx T20 au T25, na hizo hazitoki ovyo. Ukiwa na hiari ya kununua skrubu mwenyewe, nunua za nyota. Biti yenyewe ichukulie kama wembe. Ncha zake zikishakuwa mviringo, itupe kabla haijakuharibia vichwa vya skrubu.

Biti hizi zote zina shina la pembe sita la milimeta 6.35, kipimo ambacho bisibisi za betri karibu zote hukipokea, na drili huibana kwa taya zake tatu. Usidanganyike basi na boksi linalojisifia biti 45. Biti mbili za PZ2 zilizo imara zinashinda hizo 45.

Kabla ya skrubu, tundu. Kwa skrubu ya milimeta 4 toboa kwanza tundu la milimeta 2.5 kwenye mbao laini, au 3 kwenye mbao ngumu. Skrubu basi inakata njia ya nyuzi zake tu, haipasui mbao nzima. Karibu na ukingo wa ubao hili si hiari, ubao utapasuka. Skrubu ndefu ukiisugua kwenye mshumaa kwanza inaingia kwa ulaini wa kushangaza. Watu wengine hutumia sabuni, lakini sabuni huvuta unyevu na skrubu inashika kutu. Nimeona bisibisi za volti 3.6 zilizolaaniwa kuwa hazina nguvu zikimaliza kazi bila kelele baada ya mwenyewe kuanza kutoboa kwanza.

Na kutoboa ndiko ile ndogo inakoishia. Inazunguka mara 200 au 250 kwa dakika, mwendo mzuri kwa skrubu lakini wa kobe kwa kutobolea. Drili ya volti 12 huwa na gia mbili: ya kwanza hufika mizunguko 400 hivi, ya skrubu, ya pili 1,300 hadi 1,500, ya kutobolea.

Ukuta wa zege nao ni habari nyingine kabisa. Ndani ya zege mna kokoto, na kokoto haikatwi kwa kuzungushwa, inapondwa. Drili ya kawaida, iwe ya volti ngapi, itasugua kokoto mpaka biti iwe nyekundu kwa moto. Drili zenye alama ya nyundo zina gia mbili za meno zinazogongana, nazo zinatosha kwa tofali. Kwa zege lililokomaa kinachofaa ni mashine ya kutobolea zege, ile yenye pistoni ya hewa ndani inayopiga biti kutoka nyuma na biti zenye mifereji shinani. Hesabu matundu yako: rafu mbili na fimbo moja, hayafiki 15. Kwa matundu hayo usinunue mashine. Azima, kodi, au mwite fundi atoboe yote kwa saa moja, kisha vile viplastiki vya kushikilia skrubu utavitumbukiza na kukaza mwenyewe.

Fundi umwite pia, bila kujibana, kama hujui nyaya za umeme zimepita wapi. Kwa kawaida nyaya hupanda na kushuka wima kutoka kwenye soketi na swichi, au hukimbia mlalo kati yake, hivyo usitoboe juu, chini wala ubavuni sawia na soketi. Lakini hiyo ni kawaida tu, si ahadi. Nyumba iliyofanyiwa marekebisho mara kadhaa inaweza kuwa na waya uliopita mshazari. Na kama rafu zitabeba vitabu au kitu juu ya kichwa cha mtoto, fundi auone ukuta kwa macho yake.

Haya, uamuzi. Kwa orodha yako ningenunua drili ya volti 10.8 au 12, yenye umbo la bastola, klachi, gia mbili na betri mbili zinazotoka. Hizi hutoa Nm 30 hivi, huwa na uzito wa takriban kilo moja, zinatoboa mbao vizuri na zinatulia kwenye chipubodi. Ikiwa ukuta wote, kutoboa na kukaza, utamwachia fundi na wewe ubaki na samani na bawaba pekee, ile ya volti 3.6 si mchezo wa watoto hata kidogo, mradi iwe na klachi na mpini uliopinda. Hizi ndogo zina jambo moja nalipenda: nyingi hujifunga mhimili zikizimwa, kwa hiyo robo mzunguko wa mwisho unaumalizia kwa mkono kama bisibisi ya kawaida. Kasoro yake ni betri kujengewa ndani. Ikiisha chaji, kabati linasubiri. Ikifa, chombo chote kimekufa. Fanya hesabu ndogo ya volti mara Ah (saa-ampea, kipimo cha chaji kinachoandikwa kwenye betri): 3.6 mara 1.5 ni saa-wati 5.4, wakati 10.8 mara 2 ni 21.6, na betri yako ya pili ipo mezani imejaa.

Volti 18 ningekushauri kama una mpango wa kuongeza msumeno na mashine ya kusaga zinazotumia betri hiyohiyo. Mota isiyo na brashi, yaani vile vipande vya kaboni vinavyosugua ndani yake, ni nzuri, hudumu na hupoteza chaji kidogo zaidi, lakini kwa anayefunga kabati mbili tatu kwa mwaka si lazima. Utaonyeshwa na bisibisi ya kugonga, fupi, yenye Nm 150 na zaidi. Haikusokoti kifundo kwa kuwa inapiga vipigo vidogovidogo, ila ina kelele ya kuhitaji vizuia sauti masikioni, na nyingi hazina klachi. Si ya chipubodi.

Dukani usiridhike na kuitazama. Ishike mkono umenyooka mbele kwa dakika nzima. Uzito ambao haukusikika utajitokeza. Tia biti ndefu, izungushe polepole, angalia ncha yake: ikichora duara badala ya kusimama nukta moja, rudisha. Bonyeza kitufe kidogo sana uone kama kinaanza taratibu au kinaruka. Namba 1 ya klachi ijaribu kwa kushika biti kwa vidole mota ikienda taratibu, lazima iachie.

Kuhusu mkono wenyewe, uchovu wa siku mbili baada ya skrubu 80 si ajabu. Lakini ukiona ganzi au vichomi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, au vitu vinakuponyoka, nenda kwa daktari kabla ya kwenda dukani. Drili haitibu mshipa wa fahamu uliobanwa.

Sasa ya jirani, pamoja na swali lako la kumaliza chaji, maana jibu ni moja. Black & Decker walitoa drili ya betri mwaka 1961, ikitumia nikeli na kadimiamu, na kwa miaka mingi drili za betri zilibaki na aina hiyo. Huko ndiko ulikotoka ushauri wa kuacha betri iishe kabisa, na kwa betri zile ulikuwa na mantiki yake. Lithiamu, iliyoingia sokoni mwaka 1991, inataka kinyume: ichaji wakati wowote, usiiache ikauka ikakaa hivyo miezi, usiisahau ndani ya gari lililoanikwa juani, na ukiiweka muda mrefu iache na chaji nusu. Ikivimba usiichaji tena. Drili ya jirani, kama ina umri unaousema, geuza betri yake usome: ukiona Ni-Cd, yaani nikeli na kadimiamu, au volti zisizogawanyika kwa 3.6 vizuri, kama 9.6, yaelekea ni hiyo ya zamani. Seli zake zimechoka, mpya ni shida kuzipata, na kadimiamu ni sumu isiyotupwa jalalani na taka za kawaida. Ipelekwe panapopokelewa betri chakavu. Mshukuru kwa wema wake, drili umwachie. Ila kama ina kasha la biti na ndani mna PZ2 ambazo ncha zake bado kali, hizo chukua.